Kwa Daktari Olandina, Aliyepanda Leolata Kuomba Jicho la Mama

Mwaka umezunguka, Olandina, tangu asubuhi ile ulipokaa kwenye ngazi ya mlango kufunga kamba za viatu, ukainama, na hukuinuka tena. Ulikuwa unakwenda kazini. Moyo haukukupa nafasi ya kutuaga, na hata ungekupa usingeitumia, maana hukuwa mtu wa kuaga. Ulikuwa ukisema "narudi" ukiwa umeshavuka ua.

Jumamosi hii, baada ya misa, tunavua nyeusi. Mumeo Agapito ameivaa mwaka mzima, hata shambani kwenye kahawa, mpaka fulana yenyewe imegeuka rangi ya majivu. Mama yake, Bibiana, hamwachi. "We Agapito, hiyo si nyeusi tena, hiyo ni aibu. Mkeo angeiona angeichoma." Tunacheka, halafu tunanyamaza. Ndivyo tulivyouishi mwaka huu.

Hukuweza kumsalimia mtu bila kumtazama mboni. Sokoni ulikuwa unachagua vitunguu huku umemshika muuzaji kidevu: "Hebu geukia mwangaza, bibi." Padri analalamika mpaka leo kwamba wakati anakukomunisha, wewe ulikuwa unamkagua jicho la kushoto. Alilalamika, lakini mwezi uliofuata alilala kwenye meza yako ya upasuaji, na sasa anasoma injili bila kuruka mistari.

Kupika hukujua. Tuseme ukweli, huna tena wa kumnunia. Maharage yako yalikuwa magumu na kahawa yako ilikuwa maji ya kusuuzia kikombe. Ulilala popote ulipopata: kwenye gari, kwenye benchi la kanisa, na mara moja juu ya magunia ya kahawa, binti yako Zulmira akakufunika kwa gunia tupu. Ulikuwa unaogopa mbwa, na hukumwogopa mkubwa yeyote wa mjini.

Hayo tunayakumbuka tukiwa tunakula. Tukikaa vizuri na wageni wakiwapo, tunasimulia jicho la mama.

Ulipokuja kuolewa huku milimani, upofu ulikuwa unahesabiwa pamoja na mvi. Mtu akizeeka dunia inamfungia mlango, basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Mama Bibiana alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Agapito alikuwa amemfungia kamba kutoka mlangoni hadi jikoni, na nyingine hadi chooni, naye alizifuata kwa mkono. Kahawa aliichambua kwa vidole. Zulmira alikuwa ameshaanza kukimbia na bibi yake hajawahi kumwona. Alimjua kwa kumpapasa paji la uso.

"Ni mtoto wa jicho, mama," ulimwambia. "Kioo cha ndani kimeingia ukungu. Nakitoa, naweka kingine. Ni muda wa kunywa kikombe cha kahawa."

"Kahawa yangu au yako?" akauliza. "Maana yako haimaliziki."

Ofisi ya afya ya mjini Dili ilikuazima hadubini ya upasuaji kwa shingo upande. Walikuambia watu wa milimani hawaji, wanaogopa kisu, na kwamba ukikaa na benchi tupu kifaa kitarudi mjini wala hakitapanda tena. Kwa hiyo kila kitu kilimwegemea mgonjwa wa kwanza. Ukamchagua mama mkwe wako. Agapito akakuuliza kama una akili timamu.

"Nikimharibia mgeni, watasema nimekuja kufanya majaribio," ukamjibu. "Nikimharibia mama mkwe, sina pa kulala. Wakiliona hilo wataniamini."

Shule ya hapa kwetu Hatumeta ilikupa darasa. Watu walikuja kutoka vilima vyote, wazee wakishikwa mikono, wakakaa kwenye majani na blanketi zao na mahindi yao ya kuchemsha. Ulifurahi ulipowaona, mpaka Agapito alipokueleza kwamba hawakuja kutibiwa. Walikuja kuona kwanza jicho la Bibiana litakuwaje. Ukalipasua lile la kulia. Kazi ikaenda vizuri kuliko ulivyotarajia, ukafunga kitambaa, ukawatangazia uwanjani kwamba kesho asubuhi tutafungua na kila mtu ataona.

Asubuhi hiyo, kabla hujafika, mwanamke mmoja wa Leolata, kijiji alichozaliwa mama, aliingia darasani kumjulia hali. Akamuuliza, kwa wema tu, "Na kaka yako Mau Leki amesemaje?" Mau Leki hakuwa amesema kitu, kwa sababu Mau Leki hakuwa ameambiwa.

Wewe hukujua, na nani angekujulisha? Kwetu mwanamke aliyeolewa huhama miguu tu. Mwili wake unaendelea kuwa wa nyumba aliyozaliwa, na nyumba hiyo huulizwa siku ya kumzika na siku chuma kinapomgusa. Aliyepaswa kukueleza ni mumeo. Baadaye tulipombana, Agapito alijitetea hivi: "Mimi nilijua ni mguu, ni tumbo, ni vitu vikubwa. Jicho dogo namna ile, nilidhani halihesabiwi." Mpaka leo mtu akisahau jambo hapa nyumbani, anaambiwa hilo lako ni dogo, halihesabiwi.

Ukaingia umejaa furaha, ukatoa kitambaa, ukasafisha kope.

"Fungua, mama."

"Sifungui."

"Linauma?"

"Haliumi. Naona wekundu kupitia kope, na kivuli chako kinapita. Kazi yako ni nzuri, mkwe wangu, sina neno. Ila sifungui."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu si langu, wala si la Agapito. Ni la Leolata. Umelikata na mwenyewe hajui. Nikifungua hapa, nitakuwa naona kwa wizi."

Ulimgeukia Agapito. Agapito akawa anasoma ubao.

Ulibembeleza, ukaeleza, ukakasirika. Mama alikubali umwinue kope kwa kidole ili udondoshe dawa, maana ulimwambia bila dawa litaoza, lakini aliapa kwamba hakutazama. "Nimelilegeza tu," alisema. Ukamfunga tena kitambaa, halafu akaomba atolewe nje akapate hewa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wote wale walimwona akitoka kama alivyoingia, mkono wake begani kwa mwanawe. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Ameingia kipofu, ametoka kipofu, tofauti ni kitambaa." Wakaanza kukunja blanketi. Hawakuwa na hasira nawe. Mmoja alikuachia hata mahindi, akakupa pole. Ilipofika mchana uwanja ulikuwa wa mbuzi peke yao, na dereva wa ofisi alikuwa anakuuliza kama aanze kupakia vifaa.

Tulidhani utalia. Ulikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakakufika kifuani, ukala yale mahindi ya watu hadi yakaisha. Kisha ukamuuliza Agapito, "Leolata ni wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya hapo unapodhani ni juu."

Ukamwambia dereva akigusa hadubini utampasua yeye. Mkaondoka mchana ule ule, wewe na mumeo na mbuzi dume, kwa sababu kwa wenye mwanamke haiendwi mikono mitupu, na tambuu na popoo ulizifunga mwenyewe kwenye leso. Ukungu uliwakuta mgongoni mwa mlima. Mbuzi alilala njiani akakataa kuondoka, Agapito akambeba, na wewe ukateleza kwenye tope mpaka sketi ikawa haijulikani rangi yake. Agapito anasema njia nzima hukumlaumu hata mara moja, na kwamba afadhali ungemlaumu.

Mau Leki alikuwa barazani, mbele ya nyumba ya wazee wao yenye paa refu la nyasi, anashona tandiko la farasi. Hakuinua kichwa.

"Hodi, mjomba," Agapito akasema, mbuzi bado yuko mabegani.

"Mjomba. Leo ndiyo nimekuwa mjomba. Jana mlipokuwa mnamkata dada yangu nilikuwa nani?"

"Tumekosa, mjomba."

"Hilo nalijua. Mshushe huyo mbuzi, unaniaibisha." Akavuta uzi, akakata kwa meno. Halafu akakutazama wewe, kuanzia kwenye tope hadi kwenye nywele. "Na huyu ndiye anayekata watu. Binti, mimi sigombani na mke wa mtu. Nikiwa na neno na mwanamke, nalipeleka nyumba aliyozaliwa. Kwenu ni wapi, na mkubwa wa nyumba ni nani, nimtumie mtu?"

"Sina," ukasema.

"Kila mtu anayo."

"Mimi sina, mzee. Vita vilipita kijijini kwetu mimi ni mtoto wa kubebwa. Masista walinikuta mgongoni kwa mama, na mama ameshakufa. Jina hili walinipa wao. Sijui nyumba, sijui kilima. Kama una neno nami, nipe mimi mwenyewe."

Sisi nyumbani hayo tulikuwa tunayajua kwa juu juu. Hukuwahi kuyasema hivyo, yote kwa mara moja, na Agapito anatuambia kwamba alitamani ardhi immeze, kwa kuwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kukuuliza.

Wewe ukaendelea, na maneno haya Agapito ameyashika neno kwa neno. "Sikukuuliza kwa sababu sikujua kwamba mtu huulizwa. Nilipougua utotoni hakuna aliyeulizwa. Nilipoolewa hakuna aliyeulizwa. Ukinikata mimi leo, hakuna nyumba hata moja itakayokasirika. Dada yako nimemgusa jicho tu, na wewe huku juu umekasirika namna hii. Nimekuja kukuomba radhi, mzee, lakini nakwambia ukweli, namwonea wivu."

Ukamwekea leso mbele yake ukarudi nyuma. Mzee akaivuta karibu. Akaifungua, akachukua popoo, akaipasua, akaikunja kwenye jani, akatia mdomoni, akatafuna. Ndipo Agapito alipothubutu kukaa.

"Linaona?" mzee akauliza.

"Linaona. Amelifumba kwa ajili yako."

"Mkaidi tangu mtoto." Alitema mate mekundu pembeni na kujifuta mdomo. Agapito anaapa kwamba mzee alikuwa anajizuia kucheka. "Kesho nitashuka. Lakini kitambaa nakitoa mimi."

"Utanawa mikono kwanza," ukasema.

"Binti, mimi ni mkubwa wa nyumba hii."

"Ndiyo, mzee. Kwa sabuni."

Usiku ule mlilala Leolata, na wake wa nyumba ile walikufulia sketi.

Mau Leki hakushuka peke yake. Alishuka na nyumba nzima, wanaume, wanawake, nguruwe mmoja, na kitambaa cha kufuma cha kumfunika dada yake, na kila mlipopita watu walitoka kuuliza kuna nini, wakajiunga. Mlipofika shuleni uwanja ulikuwa umejaa kuliko siku ya kwanza. Dereva wa ofisi alikuwa ameacha kuulizia kupakia, anauza sigara.

Ulimnawisha mzee hadi kwenye viwiko mbele ya watu wote. Alipodhani amemaliza ukamwambia anawe tena, kucha. Akanawa tena. Watu wakatazamana, maana hawakuwahi kumwona Mau Leki akiambiwa kitu mara mbili. Kisha akaketi mbele ya dada yake, akafungua kitambaa taratibu.

"Bibiana," akasema. "Leolata inasema ona."

Mama akafungua.

Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, na machozi yakawa yanashuka kutoka macho yote mawili, lile linaloona na lile lisiloona. "Umezeeka, kaka," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi sijajiona bado." Akageuka. Zulmira alikuwa amejificha nyuma ya sketi yako. Mama akamnyoshea kidole, si mkono wa kupapasa, kidole. "Ni huyu. Njoo hapa wewe. Kumbe una madoa puani, mbona hamkuniambia?" Halafu akamwona mwanawe amesimama mlangoni. "Na wewe Agapito umenenepa. Yule mbuzi mlimpeleka kweli au ulimla njiani?"

Uwanja mzima ukacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwako, Olandina, ulikipata kwa haki. Mama akasimama. Agapito akamletea bega, akalisukuma, akatembea mwenyewe mpaka nje, akapita katikati ya watu akiwataja kwa majina wale aliowajua sura, na kuwauliza majina wale waliozaliwa akiwa gizani. Yule mzee wa "tofauti ni kitambaa" alikuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi lako. Ulimwuliza mjomba wake ni nani. Akasema yuko njiani anakuja, ameshamtumia mtu.

Tangu siku ile hukumgusa mtu kwa kisu kabla ya wenye mtu kuja, mwanamke kaka zake, mwanamume wajomba zake. Ofisi ilikuja juu. Walikuambia unachelewesha kazi, kwamba mgonjwa akikubali yatosha, wakakutumia matangazo makubwa ya kubandika ukutani. Ukayabandika chooni. Wao hawakuelewa ulichokielewa wewe barazani kwa Mau Leki: mkubwa wa nyumba akishuka kutoa kitambaa, hashuki bila wale vipofu wake mwenyewe. Kila jicho moja lilikuletea nyumba nzima, na nyumba ile ilikuwa na dada walioolewa kilima kingine, na kilima kile nacho kikashuka. Mwishowe wakubwa wa ofisi walipanda wenyewe, wakaona foleni imezunguka shule, na hadubini haikurudi mjini. Iko Hatumeta mpaka leo, na chumba kina mlango wake na daktari kijana uliyemfundisha mwenyewe, naye anauliza wajomba kwanza.

Ukiwa hai hukupenda kusifiwa, kwa hiyo acha tuitumie nafasi hii. Uliushinda upofu huu, Olandina. Katika vilima hivi vizee vinatunga nyuzi kwenye sindano na kuwakejeli wakwe zao wasioweza. Wanaume wanawatambua farasi wao kutoka ng'ambo ya bonde. Zile kamba za kutoka mlangoni hadi jikoni zimefunguliwa nyumba baada ya nyumba, sasa zinafungia mbuzi. Mtoto wa siku hizi ukimwambia bibi zake walikuwa wanapapasa ukuta, anadhani unamtania.

Siku ulipotutoka, Agapito alikaa kando ya jeneza na hakujua afanye nini. Kwetu mwanamke hashushwi kaburini mpaka watu wa nyumba aliyozaliwa waseme ashushwe. Wewe hatukuwa na wa kumtumia habari. Padri alisubiri. Sisi tukawa tunatazamana, na hatujawahi kukuonea huruma kama saa ile.

Kisha Leolata wakaingia uani. Mau Leki, mzee sana sasa, juu ya farasi, na nyuma yake nguruwe na vitambaa vya kufuma, vitu ambavyo nyumba huleta kwa binti yake mwenyewe. Akashuka akasimama kichwani mwa jeneza, mahali pa baba. Agapito hakuwa ameelewa. Mzee akamwambia, "Unashangaa nini? Tumekuja kumzika mtoto wetu."

Kabla hajamaliza, nyumba ya Hatulesu ikaingia na nguruwe wake na vitambaa vyake, ikasema samahani, binti huyu ni wa Hatulesu. Nyuma yao Raimanu. Nyuma yao Manlala, wamelowa, wametembea tangu alfajiri. Wakaanza kugombana pale pale getini kwamba ulizaliwa kwa nani, wakubwa wazima, karibu washikane mashati, kila mmoja ana ushahidi wa macho ya nani uliyafungua na mwaka gani. Tulikuwa tunalia na tunacheka. Mama Bibiana ndiye aliyekata shauri. "Kaeni wote," akasema. "Mtoto huyu amezaliwa sana."

Ulishushwa jioni, baada ya kila nyumba kusema ashushwe. Ilichukua muda, maana kila mkubwa alitaka kusema mwisho.

Kwa desturi, nyeusi ya mfiwa huvuliwa na nyumba ya marehemu. Nyumba zote zimeleta habari kwamba Jumamosi zinakuja kuivua fulana ya Agapito. Tumepika vya kutosha, na hakuna maharage yako. Tunakuombea pumziko jema, nawe utuombee.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mumeo Agapito. Binti yako Zulmira, ambaye mwakani anaanza masomo ya uuguzi. Mama mkwe wako Bibiana, anayeona. Pamoja na shemeji, wifi na watoto wote wa Hatumeta.

Kwa upande wa nyumba uliyozaliwa: Mau Leki na nyumba yote ya Leolata, nyumba ya Hatulesu, nyumba ya Raimanu, ya juu na ya chini, nyumba ya Manlala, nyumba ya Kotamori, na nyumba nyingine ambazo habari zao zimetufikia tangazo hili likiwa limeshaandikwa, wasituchukie, waje tu, binti ni wao.

Hatutakusahau, mtoto wa watu.